Kuhesabu Magonjwa ni Silaha ya Mfanya Kazi



Leo twataka kusema nanyi juu ya elimu ya takwimu za afya. Mtu huisoma Chuo Kikuu baada ya digrii yake ya kwanza. Yatufaa nini sisi wa viwandani? Sikilizeni.

Mwaka wa 1955, huko Uingereza, Daktari Richard Doll, aliyefanya kazi pamoja na Austin Bradford Hill, mwalimu wa takwimu, alitoa habari za wanaume 113 wa kiwanda kimoja cha asbesto, waliokaa katika kazi hiyo miaka 20 au zaidi. Kwa kadiri ya vifo vya wanaume wengine wa umri wao, saratani ya mapafu isingefikia kuua hata mmoja. Iliua 11.

Mjane mmoja akilia peke yake, huambiwa ni amri ya Mungu. Vifo 11 vikiwekwa kando ya hesabu hiyo, nani atasema hivyo tena?

Lakini hesabu yataka daftari. Asiyeandikwa hahesabiwi. Sheria yetu ya usalama kazini ya 2007 yataka ajali na magonjwa ya kazini yaarifiwe. Basi kila tawi lihakikishe kwamba yameandikwa.

Na mwenye mtoto apendaye hesabu, amwambie kwamba kazi hii ipo, kisha tusaidiane kumsomesha. Haba na haba hujaza kibaba. Siku tutakapokaa mezani na waajiri, awepo mmoja wetu ajuaye kuzisoma namba hizo.