Hotuba ya Mwalimu kwa Wazazi: Maneno ya Kiingereza Yenye Sauti Moja

Nataka kuwaeleza jambo linalowasumbua watoto wenu katika Kiingereza, nalo ni maneno yasikikayo sawa lakini huandikwa mbalimbali.

Mtoto mmoja aliandika kwamba baba yake ana majua matatu. Alitaka kusema wana, yaani "sons", akaandika "suns". Darasa zima likacheka, na mimi, kwa aibu naungama, nikacheka pamoja nao. Tangu siku ile hakuinua tena mkono kuuliza neno. Kosa lilikuwa langu, wala si lake.

Maana mtoto yule hakuwa mjinga. Katika Kiswahili, paa ni mnyama, tena paa ni la nyumba. Mtoto akisikia, "Paa linavuja," hamtafuti mnyama. Maneno mengine yamemwonyesha maana. Lakini Kiingereza chataka na herufi zibadilike. Sababu ni ya kale. Caxton alipoanza kupiga chapa Uingereza, mwaka 1476, herufi k ya "know", yaani kujua, ilitamkwa. Baadaye sauti yake ikafa, herufi ikabaki. Na leo neno hilo lasikika sawa na "no", yaani hapana.

Basi, tufanyeje? Kwanza, maneno mawili ya namna hii yasifundishwe siku moja. La kwanza lishike mizizi, ndipo lije la pili. Pili, neno lisiandikwe peke yake, bali ndani ya sentensi. Tatu, mtoto apewe alama ya kukumbuka: ndani ya "hear", kusikia, mna "ear", sikio, na "here", "there" na "where", yaani hapa, pale na wapi, yote ni ya mahali, na yote yana "here" ndani yake.

Nawe mzazi usiyejua Kiingereza, waweza kusaidia. Jioni mwambie mwanao akusomee sentensi moja, kisha akueleze maana yake kwa Kiswahili. Akikosea, msicheke. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na mtoto aliyechekwa haulizi.