Senti Kumi Juu ya Santuri ya Kamaru



Nyumbani kwetu Tetu, nje kidogo ya mji wa Nyeri, santuri ilipigwa ikiwa na senti kumi juu yake. Gramafoni yetu ilikuwa kuukuu, na sindano ikifika penye mkwaruzo iliruka, ubeti ukakatika. Basi baba akatwaa senti kumi, ile sarafu kubwa ya rangi ya shaba, akaibandika kwa plasta juu ya kichwa cha sindano. Sindano ikapata uzito, wimbo ukatulia. Mara nyingi wimbo wenyewe ulikuwa wa Joseph Kamaru.

Kila Oktoba inapoingia namkumbuka, maana alituacha tarehe 3 Oktoba 2018, akiwa na umri wa miaka 79. Nilipokuwa shule ya bweni, wenzangu walikuwa na magwiji wao wa roki wa Uingereza na Marekani, picha zao zimejaa ukutani. Wangu alitoka Kangema, Murang'a. Aliingia Nairobi mwaka 1957 kutafuta kazi, kama kijana yeyote wa huku mlimani, na huko huko akapata gitaa lake la kwanza. Katikati ya miaka ya 1960 alikuwa tayari anarekodi, akipokezana sauti na dada yake, Catherine Muthoni.

Malipo ya kahawa yakitoka, baba alishuka mjini. Alirudi na sukari, mkate, na santuri iliyofungwa ndani ya gazeti. Betri zilikuwa zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu kidogo za jioni. Majirani walijaa sebuleni, na sisi watoto tukakaa chini karibu na mlango.

Hapo ndipo nilipousikia wimbo wa Ndari ya Mwarimu, yaani kipenzi cha mwalimu. Unamhusu mwalimu anayemtongoza mwanafunzi wake. Siku zile mwalimu alikuwa mtu mkubwa kijijini, anayeandikia watu barua na kuwasomea zilizofika. Nani angethubutu kumnyooshea kidole? Kamaru alithubutu. Walimu walikuja juu, wakatishia kugoma. Kwetu, wimbo ulipokwisha, wanaume walikohoa wakatazama chini. Mama hakusema neno. Aliomba tu upigwe tena.

Kisha ukaja Machi 1975. J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, ng'ambo ya pili ya milima hii ya Aberdare, akauawa. Sokoni Karatina watu walizungumza kwa macho, na mgeni akipita habari zikageuka kuwa za bei ya viazi. Kamaru alikuwa amewahi kumsifu Mzee Kenyatta, rais wa wakati ule, kwa nyimbo, na angeweza kukaa kimya akala kwa amani. Alitunga wimbo wa kumlilia J.M. Kile tulichokuwa tukinong'onezana jikoni kikapata sauti na gitaa.

Sitamfanya malaika. Mwaka 1980 alikuwa katika msafara wa Rais Moi kwenda Japani, akaimba safari hiyo kwa sifa tele. Wapo waliomnunia. Baadaye alisimama na waliodai vyama vingi, na urafiki ule na wakubwa ukaisha. Mwaka 1993 akaokoka, akaziacha nyimbo za dunia, akageukia za injili. Mimi niliumia, nisiwafiche. Nilijiona kama mtu aliyeachwa stejini, matatu imeondoka na mzigo wake. Ilinichukua miaka kukubali kwamba mtu aliyetuambia ukweli wake wote ule alikuwa na haki ya kutuambia na huu pia.

Najua wako wanaosema, huyo aliimba kwa Kikuyu, sisi wa Kisumu au Mombasa yanatuhusu nini? Yanatuhusu sote. Kisumu walikuwa na mwimbaji D.O. Misiani, mzaliwa wa Shirati, Tanzania, ambaye naye mafumbo ya nyimbo zake yalimtia matatani na serikali, hadi ajali ya barabarani ilipomchukua mwaka 2006. Karibu kila upande wa nchi hii ulikuwa na gitaa lake lililosema pale wazee wa baraza walipokohoa na kutazama chini.

Sasa nauliza, tumewalipa nini? Hapa Nyeri nimeona kijana akijaziwa flashi nyimbo mia moja kwa pesa za chai, na hakuna shilingi iliyofika kwa aliyeziimba wala kwa watoto wake. Tunajaa mazishini, tunalia, kisha tunarudi nyumbani na nyimbo za wizi mfukoni.

Shukrani ni kwa mjukuu wake, Joseph Kamaru wa pili, msanii wa sauti za kielektroniki anayejulikana duniani kama KMRU. Amekuwa akizitoa upya nyimbo za babu yake, zinunuliwe kihalali. Kwa hiyo, msikilizaji, wikendi hii panda darini, au fungua lile sanduku la mama. Ukikuta santuri, ipanguse vumbi na uiweke mbali na jua. Usipoikuta, nunua wimbo mmoja kwa wenyewe. Baba yangu aliushikilia wimbo wa Kamaru kwa senti kumi. Na wewe weka yako.