Kalamu Kabla ya Saini: Hotuba juu ya Mikopo ya Biashara Ndogo

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Kirumba, Mwanza)



Tumetakiwa jioni hii tuseme juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu huulizwa nyumbani kwake, hasa katika siku mbili tatu baada ya mshahara. Ndugu hufika kutoka Ukerewe, au Sengerema, au Magu, hukaa, hunywa chai, huuliza habari za watoto, kisha husema, "Mjomba, nataka mtaji. Nitaupata wapi?" Nasi twamjibu kwa haraka. Ama twampa kidogo tulicho nacho, ama twamwonyesha mlango wa mkopeshaji tuliyemsikia kwa wengine, ama twatia saini yetu chini ya karatasi ambayo hatukuisoma. Majibu haya matatu yatoka katika huruma, walakini huruma isiyo na hesabu imekwisha kuvunja nyumba nyingi.

Mwenzetu mmoja ametupa ruhusa tuyaseme yaliyompata, bila kumtaja jina wala kumtaja mkopeshaji. Mama yake mdogo alikuwa akinunua dagaa visiwani na kuwauza hapa Mwaloni. Akataka kuongeza mtaji, akapata mtu wa kumkopesha shilingi 500,000, kwa sharti la mdhamini mwenye mshahara. Mwenzetu akatia saini. Aliambiwa kuwa riba ni asilimia 20 tu, na malipo ni shilingi 150,000 kila wiki kwa wiki 4. Hakuuliza zaidi, kwani aliona haya kumwuliza mama yake maswali ya karani.

Basi natuifanye sasa hesabu ambayo haikufanywa siku ile. Kwanza mkopeshaji alikata shilingi 50,000 za fomu, hata mkononi mwa mama zikafika 450,000. Alitakiwa kurudisha 600,000. Maana yake, kwa kutumia 450,000 alitozwa 150,000, yaani theluthi nzima ya fedha aliyopokea, katika mwezi mmoja. Tena hakukaa na fedha hiyo mwezi mzima, kwa sababu wiki ya kwanza tu alikwisha kurudisha 150,000. Asilimia 20 ilikuwa jina. Bei ya kweli ilikuwa kubwa kuliko jina lake.

Lakini kosa la pili lilikuwa kubwa kupita la kwanza, nalo ni la kalenda. Ninyi mkaao Kirumba mwajua kuwa dagaa huvuliwa usiku kwa taa, wakati wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa, taa hazivuti samaki, na mitumbwi hupumzika siku kadhaa. Mkopeshaji hakuitazama mbalamwezi. Yeye alitazama Jumatatu. Wiki ya tatu ikaangukia katika mwanga wa mwezi, na mzigo uliokuwa umeanikwa mchangani ukanyeshewa na mvua ukaharibika. Mama akakopa kwa mtu wa pili ili amlipe wa kwanza, na kwa wa tatu ili amlipe wa pili. Mwishowe mzani wake ulichukuliwa, na kitanda, na mwenzetu akakatwa fedha miezi mingi. Yote hayo, asema, angeyasahau. Asiloweza kusahau ni kwamba yeye na mama yake mdogo sasa hukutana matangani tu, na hata huko hukaa mbalimbali. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Naye aliyaona matanga yenyewe.

Ndugu wanachama, hatusemi haya ili kuwazuia watu wasikope. Mwuza dagaa asiye na mtaji hununua debe moja pale ambapo mwenziwe hununua gunia kumi, na nauli ya boti huwala wote wawili. Fundi cherehani asiye na cherehani ya pili humfukuza mteja wakati wa sikukuu. Fedha ya kukopa ni chombo, kama jembe. Swali ni hili: wapi pa kukopa, na kwa masharti gani?

Twaona kuwa huku kwetu, mjini na vijijini, yako malango manne ambayo mtu mdogo aweza kubisha karibu na nyumbani kwake.

Lango la kwanza ni kikundi cha kuweka na kukopa, kile watu wakiitacho kikundi cha hisa au VICOBA. Namna yake ni nyepesi. Watu wanaojuana hukutana kila wiki, kila mmoja hununua hisa kadiri ya uwezo wake, na fedha hutiwa sandukuni. Katika vikundi vingi sanduku hilo lina kufuli 3, na funguo hushikwa na watu 3 mbalimbali, hata asiweze mtu mmoja kulifungua peke yake. Mwanachama hukopeshwa kwa kipimo cha akiba yake, mara nyingi mpaka mara 3 ya hisa alizonazo. Mwisho wa mwaka fedha hugawanywa pamoja na faida. Namna hii ya sanduku ilianzia kwa wanawake wa nchi ya Niger mwaka 1991, wakisaidiwa na shirika la CARE, ikaenea Afrika nzima. Wazee wa Usukuma hawakuiona ngeni, kwani vijana wa basumba walikuwa wakilima pamoja shamba la huyu leo na la yule kesho. Ubora wa kikundi ni kwamba riba ulipayo hairudi kwa mgeni. Hurudi sandukuni, nawe wapata fungu lako siku ya mgao. Upungufu wake ni kwamba fedha ni chache, na daftari likiwa bovu ugomvi haukosekani.

Lango la pili ni chama cha ushirika cha akiba na mikopo, yaani SACCOS. Hiki ni kikubwa kuliko kikundi, kina ofisi na mkutano mkuu, nacho huangaliwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2013. Mtu sharti awe mwanachama na aweke akiba kwanza ndipo akope. Wengi huchoka na kungoja huko. Walakini katika kungoja ndiko mtu ajifunzapo kuweka fedha.

Lango la tatu ni halmashauri. Kwa sheria, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kuwakopesha watu wake bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisimamishwa mwaka 2023 kwa ajili ya kasoro zilizoonekana, ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Mkaaji wa Kirumba huenda Manispaa ya Ilemela. Wa Sengerema huenda kwake, na wa Ukerewe kwake. Njia huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Sharti kikundi kiwe kimesajiliwa, kiwe na katiba, na kieleze kwa maandishi kazi kitakayoifanya. Hapa ndipo watu wengi wema hurudishwa, si kwa kukosa bidii, bali kwa kukosa mtu wa kuwaandikia.

Lango la nne ni mtu binafsi au kampuni ya kukopesha. Wako wenye leseni, na wako wasio nayo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwapanga watoao huduma hizi katika madaraja 4: taasisi zipokeazo amana, wakopeshaji wasiopokea amana, SACCOS, na vikundi vya kijamii. Mkopeshaji wa daraja la pili hana budi kuwa na leseni ya Benki Kuu, na Benki Kuu iliweka kikomo cha riba kwa daraja hilo, yaani asilimia 3.5 kwa mwezi. Linganisheni sasa: kwa shilingi 500,000, kikomo hicho ni shilingi 17,500 kwa mwezi; mama yetu alitozwa 150,000. Watu wa mitaani wameupa mkopo wa namna ile jina la kausha damu, na hapana aliyewafundisha jina hilo ila maumivu yao wenyewe.

Tusimsahau na yule asiyehesabiwa kuwa mkopeshaji, naye ni tajiri wa mwaloni. Yeye humpa mvuvi nyavu na mafuta bila karatasi na bila kutaja riba, ila kwa sharti kwamba samaki wote wauzwe kwake. Yeye huujua mwezi na mvua, na mwaka mbaya huweza kungoja. Lakini riba yake imo ndani ya bei. Kila mvuvi apatapo bei iliyo chini ya ile ya sokoni, amelipa riba siku hiyo, na deni bado limesimama palepale. Yafaa aandike kila siku bei aliyopewa na bei ya sokoni, kisha ajumlishe mwisho wa mwezi, aijue fedha ile kwa jina lake.

Pengine mtu atasema kwamba mambo haya ni mapya, hayatuhusu sisi watumishi. Siyo. Zamani za ukoloni, kwa sheria ya mwaka 1931, mfanyabiashara asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika hakuweza kudai deni lake barazani pasipo idhini ya serikali. Walisema kuwa ni kumlinda Mwafrika. Walakini aliyelindwa hivyo hakupata bidhaa za kuanzia duka. Ndipo watu wakaanza kukusanya nguvu zao wenyewe. Hapa Mwanza, katika miaka ya 1940, wafanyabiashara Waafrika walijiunga katika chama chao cha ushirika, na karani wao kijana, Paul Bomani, akajifunza humo kazi ya daftari. Baadaye aliwaongoza wakulima wa pamba, na mwaka 1955 ukaundwa Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Victoria, uliokuwa miongoni mwa vikubwa kabisa katika Afrika. Baada ya Tanganyika kupata uhuru wake, akawa Waziri wa Fedha. Wakulima wale walichukizwa na mizani ya wanunuzi. Dawa waliyoitafuta ilikuwa mtu wao wenyewe ajuaye kusoma mizani na kuandika alichokisoma.

Hapa ndipo tunapofika kwa nafsi zetu. Sisi tulio makarani twadhani kuwa ndugu zetu wataka mshahara wetu. Mshahara ni mdogo, nao una wenyewe. Kanuni yatutaka tubakize theluthi yake baada ya makato, na wako kati yetu ambao hawana cha kukatwa tena. Lakini tunacho kitu kingine kisichopungua kwa kutumiwa, nacho ni kalamu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Je, ni wangapi kati yetu waliokwisha kukaa na shangazi zao jioni moja, wakaandika alichonunua, alichouza, nauli, ushuru, na kilichobaki?

Basi twaomba kila mwanachama, kabla ya kutia saini kwa ajili ya mtu yeyote, akae naye na karatasi nyeupe, waandike majibu ya maswali haya sita. Fedha itakayofika mkononi ni kiasi gani? Itakayorudishwa ni kiasi gani kwa jumla, pamoja na fomu, bima na ada zote? Malipo yaangukia siku zipi, na kazi yenyewe huleta fedha siku zipi? Mkopeshaji ana leseni, au kikundi kina cheti cha halmashauri? Mapatano yameandikwa kwa Kiswahili, na nakala ataipata? Na la mwisho: kazi ikiharibika, kitachukuliwa nini, na cha nani?

Asipoweza kujibu mawili katika hayo, asikope siku hiyo. Nawe usitie saini. Maana mdhamini si shahidi wa tabia njema, mdhamini ni mlipaji aliyesimama nyuma ya mlango. Kukataa kwa hesabu iliyoandikwa hakuvunji udugu. Udugu huvunjwa na kukubali kwa haya, kisha kulipa kwa chuki.

Tena twaona yafaa chama chetu kianze kazi moja ndogo. Makarani wawili wakae pamoja Jumamosi moja ya kila mwezi, mahali palipo karibu na Mwaloni, wawasaidie watu bure kusoma mapatano, kuandika katiba ya kikundi, na kupanga daftari. Hatuhitaji fedha kwa kazi hiyo. Twahitaji meza, viti na uvumilivu. Yule mwenzetu tuliyemtaja amekwisha kusema kuwa atakuwa wa kwanza kukaa katika meza hiyo. Ametuomba pia tumsindikize kwa mama yake mdogo, si kwenda kumdai, bali kwenda kumwandikia hesabu ya vikapu vichache vya dagaa avyouzavyo sasa, aanze tena kwa kikundi na kwa hisa moja. Tumekubali. Tutakwenda Jumapili hii, baada ya ibada, na kila mwanachama anayeweza na aje.