PANGA, ANDIKA, NA MANENO MENGINE YA UTARATIBU
Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee, walimu na makarani, Pasiansi, Mwanza



Tumeombwa kusema machache juu ya neno moja la Kiingereza, nalo ni arrange. Labda mtauliza, Je, neno moja latosha hotuba? Latosha, tena lasalia. Maana sisi makarani tuliosoma katika shule za misheni tulizoea kulifasiri kwa neno moja tu, yaani panga, na kwa desturi hiyo mzee mmoja nusura apoteze shamba lake. Habari yake tutaileta.

Waingereza walilipata neno hili zamani sana kwa Wafaransa, na ndani yake limo neno lenye maana ya safu. Hapo kwanza lilikuwa neno la vita, yaani kuwaweka askari safu safu mbele ya adui. Kwa maana hiyo panga yetu yalingana nalo sawasawa. Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, marobota ya pamba yaliyongojea gari la moshi yalipangwa. Vitabu hupangwa kabatini. Watoto wa shule hupangwa mstari. Lakini neno la Kiingereza halikukaa safuni. Lilitoka likaenda mezani, vitandani na barazani, nasi hatuna budi kulifuata huko kwa maneno yetu mbalimbali.

Mtumishi awekaye sahani na vikombe tayari kwa chakula, kwa Kiswahili cha wazee, haipangi meza, huiandika. Vijana wengi hudhani ya kuwa kuandika ni kazi ya kalamu tu. Sivyo. Kuandika ni kuweka vitu mahali pake kwa utaratibu, ndiyo sababu husemwa kuandika meza, kuandika chakula, na kuwaandika watu kazi. Kamusi ya Frederick Johnson iliyotolewa mwaka 1939 yaeleza maana hizo pamoja na ile ya kalamu. Nasi twajivunia kidogo jambo hili, kwa kuwa karani naye huyaweka maneno karatasini kama mtumishi aandikavyo meza: la mbele liwe mbele, la nyuma liwe nyuma, na mgeni asikose kijiko.

Kitanda hutandikwa, na punda pia. Shanga hutungwa uzini, na samaki wa ziwani wakitungwa kambani huitwa mtungo. Wagombanao husuluhishwa, wauzianao ng'ombe hupatana bei, watakao kuonana kesho huwekeana miadi. Hayo yote Mwingereza aweza kuyasema kwa neno lake moja. Sisi tukiyaita yote kupanga, twajifanya maskini hali ghala yetu imejaa. Liko na neno ratibu, lenye asili ya Kiarabu, zuri kwa kazi za ofisi; ila ndugu yake taratibu ameponzwa, kwani watu humtumia kwa maana ya polepole, na mtu akiambiwa afanye kazi kwa taratibu hukaa kwanza akanywa chai.

Tena panga yenyewe ina milango miwili ya nyuma. Kupanga nyumba ni kukaa katika nyumba ya mtu kwa kulipa kodi. Ukiwaandikia watu ya kuwa nyumba za mtaa wao zitapangwa, nawe wataka zijengwe kwa mistari, watakuuliza kodi ni kiasi gani. Mlango wa pili ni mbaya zaidi: watu wakikaa faraghani wakakata neno juu ya mwenzao, husemwa wamempangia.

Hapo ndipo tulipokosea. Mzee mmoja wa hapa Pasiansi alikuwa na shauri la mpaka wa shamba. Tukapewa barua ya Kiingereza tuifasiri, nasi tukamwandikia: "Shauri lako limekwisha pangwa siku ya Jumatatu." Jumatatu ikafika, jirani yake akaja na mashahidi wawili, yeye hakuonekana. Jirani akaomba hukumu itolewe, na ilibaki kidogo tu itolewe. Kwa bahati shauri likaahirishwa, nasi tukatumwa kwenda kumwuliza mzee sababu ya kutofika.

Tulimkuta ameketi mlangoni, barua mkononi. Tukamwamkia, tukamwuliza, "Baba, mbona hukuja?"

Akatujibu kwa upole, "Mwanangu, mmeandika wenyewe ya kuwa mmekwisha panga. Mimi nije kufanya nini? Kuwatazama?"

Hatukuwa na jibu. Tuliichukua ile barua, tukaandika nyingine papo hapo juu ya goti: "Shauri lako halijakatwa. Litasikilizwa siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi. Uje na mashahidi wako, useme maneno yako." Tukamsomea mara mbili.

Alhamisi, tulipofika kuifungua ofisi saa moja na nusu, tulimkuta mzee amekwisha kaa barazani pamoja na mashahidi watatu.