Kinga ya Macho: Chakula, Jua, Moshi na Matone ya Barabarani



Jicho hufanya kazi kwa mwanga na oksijeni, na vitu hivyo viwili ndivyo pia vinavyolichakaza. Retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, hutumia oksijeni nyingi kuliko karibu sehemu yoyote nyingine ya mwili yenye uzito sawa na wake. Oksijeni inapotumika, hubaki chembechembe kali zinazoshambulia mafuta na protini za mwili, kama kutu inavyokula mabati. Mwili una walinzi wake dhidi ya chembechembe hizo, nao huitwa antioksidanti. Baadhi yake hutengenezwa na mwili wenyewe, na nyingine, kama vitamini C na E, hutoka kwenye chakula. Mashambulizi yakizidi nguvu za walinzi, madaktari huiita hali hiyo mkazo wa oksidisho.

Kinachotokea ndani ya jicho

Lenzi ya jicho haina mishipa ya damu, na protini zilizo katikati yake hazibadilishwi maisha yote. Mtu wa miaka 70 anaangalia kupitia protini alizozaliwa nazo. Kadiri zinavyoharibiwa ndivyo zinavyogandamana, kama ute wa yai unavyogeuka mweupe kwenye sufuria ya moto. Huo ndio mtoto wa jicho. Yai likishaiva halirudi kuwa bichi, na lenzi iliyogeuka nyeupe haioshwi kwa dawa.

Kwenye retina, mkazo huohuo unachangia kuchakaa kwa makula, ile sehemu ndogo ya katikati inayomwezesha mtu kusoma na kutambua nyuso. Kwa mwenye kisukari, sukari nyingi kwenye damu huongeza chembechembe hizo na kuharibu mishipa myembamba ya retina. Maradhi haya si ya nchi za ng'ambo pekee. Uchunguzi uliofanywa Nakuru mwaka 2007 na 2008 uliwapima watu 4,414 wenye umri wa miaka 50 na zaidi, na magonjwa ya retina yalikuwa miongoni mwa yaliyoonekana.

Jua na moshi wa jijini

Nairobi iko karibu na ikweta, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo miale ya jua isiyoonekana ni mikali hata siku ya baridi. Mwendesha bodaboda wa Kangemi, fundi wa mjengo wa Kilimani na mama anayeuza mboga kando ya Barabara ya Naivasha wanaipokea kuanzia asubuhi hadi jioni. Kofia yenye ukingo mpana husaidia. Miwani ya jua inafaa ikiwa inazuia miale hiyo, na nyingi zinazofaa huandikwa UV400. Miwani myeusi isiyozuia miale inaweza kuleta hasara, kwa sababu giza lake hufungua mboni na kuruhusu miale zaidi kuingia.

Sigara ni adui mkubwa zaidi. Mvutaji ana hatari kubwa ya kupata mtoto wa jicho na kuharibika kwa makula. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuvuta sigara hadharani, ila faida kubwa humjia anayeacha kabisa. Moshi wa kuni na mkaa ndani ya chumba kisicho na dirisha umehusishwa pia na mtoto wa jicho. Jiko la mkaa liwekwe nje au mahali penye hewa.

Sokoni kuna nini

Sukuma wiki, mchicha, terere, managu na kunde zina luteini, rangi inayojikusanya kwenye makula na kuikinga dhidi ya mwanga mkali. Kiini cha yai kina luteini pia. Luteini huhitaji mafuta ili iingie mwilini, hivyo kijiko cha mafuta au kipande cha parachichi hakipotei bure. Mapera, machungwa, papai na pilipili hoho huleta vitamini C. Njugu karanga huleta vitamini E, na nyama na maharagwe huleta zinki. Mboga zikichemshwa muda mrefu na maji kumwagwa, vitamini C nyingi humwagwa nayo. Soko la Kangemi, Kawangware, Toi na Wakulima yote yana vyakula hivi.

Vidonge vina mipaka

Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2001 uliwapa watu wenye makula iliyoanza kuharibika vidonge vya vitamini C, E, beta-karotini na zinki. Kwa walio katika hatari kubwa, uwezekano wa ugonjwa kufikia hatua mbaya ulipungua kwa takriban asilimia 25. Vidonge hivyohivyo havikuzuia mtoto wa jicho. Nchini Finland, utafiti wa mwaka 1994 ulionyesha kuwa wavutaji sigara waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao. Utafiti wa Marekani uliofuata, wa mwaka 2013, ulipendekeza luteini na zeaksanthini badala yake. Kwa hiyo vidonge vya macho ni dawa kwa mgonjwa fulani baada ya kupimwa. Havinunuliwi kama peremende.

Matone yanayouzwa kwa vipaza sauti katikati ya jiji yakidaiwa kuyeyusha mtoto wa jicho hayayeyushi chochote. Mengine yanaweza kuwa na steroidi, ambayo ikitumika bila daktari hupandisha presha ya jicho na kuleta glakoma. Glakoma huua neva ya jicho kimyakimya, na kilichopotea hakirudi. Mzee anayetumia matone hayo mwaka mzima akidhani ana mtoto wa jicho, kumbe ni glakoma, hupoteza mwaka ambao dawa sahihi ingeokoa macho yake.

Nani apimwe, na wapi

Kila aliyefikisha miaka 40 apimwe macho pamoja na presha ya jicho. Mtoto au ndugu wa mgonjwa wa glakoma asichelewe. Mwenye kisukari apimwe retina kila mwaka hata kama anaona vizuri. Anayepoteza uwezo wa kuona ghafla aende hospitalini siku hiyohiyo.

Mahali pa kuanzia ni kituo cha afya kilicho karibu, ambacho kitamwelekeza mgonjwa. Kliniki za macho zipo Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na Hospitali ya Macho ya Lions SightFirst, Loresho. Wakazi wa upande wa Dagoretti wako karibu pia na kitengo cha macho cha Hospitali ya PCEA Kikuyu. Kabla ya matibabu, mgonjwa aulize bima yake ya SHA inalipia nini.

Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi unaoweka lenzi mpya, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Mzee anayeshikwa mkono kuvushwa barabara leo huenda ataivuka mwenyewe mwezi ujao, akipelekwa kupimwa.