Mtoto wa mkimbizi naye aingie darasani

Wa kule nyuma musogee, sitakawia.

Fungueni Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 43. Haki ya kusoma haikupewa Mkongomani peke yake: pale wameandika kila mtu. Na shule ya msingi ya Leta ni lazima, tena ni bure. Sasa mtoto wa Burundi mwenye anakaa Lusenda, kule Fizi, yeye siyo mtu?

Sheria ya wakimbizi tuko nayo tangu 2002. Masomo ya bure yalianza kweli Septemba 2019. Kwa karatasi hatuna deni. Matata iko kwa mlango wa shule. Mama alikimbia usiku na watoto mgongoni, leo direkta anamuomba buletini ya mwaka jana. Ataitoa wapi? Mtoto anarudishwa. Na mwenye alibahatika kuingia, akimaliza ya sita bure inaishia pale. Sekondari ni minervali, na kambini feza inatoka wapi?

Najua kuna wenye wananong'ona: watoto wetu wenyewe wanakaa chini, walimu wengine wanafundisha bila mshahara, tena tuongeze wageni? Siyo swali la kijinga. Lakini mshahara wa mwalimu haukuliwa na mtoto wa Lusenda. Deni hilo ni la Leta, na tutaidai Leta.

Alafu tujiangalie sisi. Wakongomani wako Nyarugusu, Tanzania, tangu 1996. Wengine wako Nakivale na Kyaka, kule Uganda, na shule za msingi za Uganda zinawapokea watoto wetu. Nani hapa hana shangazi ao binamu kule? Siku moja wakimurudisha mtoto wake juu ya karatasi, tutapiga kelele mpaka Kinshasa. Na tutakuwa na haki.

Tunaomba wizara ya masomo iandikie shule zote: mtoto asirudishwe juu ya buletini. Apewe jaribio, awekwe darasa lenye linamufaa. Na Leta ikituma feza za shule, ihesabu na hao watoto.

Wiki hii kila kikundi kiende kwa direkta wa kartie yake, kwa heshima, bila fujo, kimuulize watoto wangapi wamerudishwa. Muandike namba. Jumamosi tuzikusanye, barua iondoke.