Shukrani kwa Watunga Sheria Wanaoilinda Ardhi na Bahari

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi ikawa makazi yetu, akaiteremsha mvua kwa kipimo, na akaijaza bahari riziki iliyo halali kwa mwenye jahazi na mwenye ngalawa. Tunashuhudia kuwa hapana mola ila Yeye, na tunashuhudia kuwa Muhammad ni mja Wake na Mtume Wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na Masahaba wake.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, tunakuusieni nyinyi pamoja na nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu.

Tunataka leo kuzungumza nanyi juu ya shukrani, na hasa shukrani kwa watu ambao si desturi yetu kuwashukuru. Bwana Mtume s.a.w. ametufundisha, katika Hadithi aliyoipokea Tirmidhi na wengineo, kwamba mja asiyewashukuru watu waliomtendea wema hajamshukuru Mola wake. Sisi tunamshukuru mwalimu, na mkunga, na tabibu, na aliyetuchimbia kisima. Lakini aliyesimama Barazani akatetea sheria ya kukilinda kisima hicho, na msitu unaokipa maji, huyo hatumjui. Na tukimjua, pengine ni kwa kumlaumu, kwa kuwa ametuzuia kukata mti.

Hapana budi tutangulize neno moja. Mtume s.a.w. amewakemea vikali wenye kazi ya kuwasifu watu mbele ya nyuso zao, na Hadithi hiyo imo katika Sahihi ya Muslim. Kwa hiyo mimbari hii si mahali pa kumpamba kiongozi, wala hatumwambii mtu ampigie nani kura. Kumsifu mwenye cheo kwa ajili ya cheo chake ni jambo moja, na kuushuhudia wema uliotendeka ni jambo jingine. Ushahidi wa kweli ni wajibu, na kuuficha ni dhambi.

Sheria ya kuhifadhi ardhi si jambo lililoletwa kwetu na wageni. Bwana Mtume s.a.w. aliifanya Madina kuwa eneo takatifu, miti yake isikatwe na mawindo yake yasifukuzwe. Akaiwekea mipaka Naqii, malisho yaliyohifadhiwa kwa ajili ya farasi wa Waislamu, na hayo ndiyo yanayoitwa katika Fiqhi himaa. Baada yake Sayyidna Umar bin Khattab r.a. alikuwa na himaa yake, akamweka mtumwa wake aliyemwacha huru, jina lake Hunayy, aisimamie. Imam Bukhari ametupokelea wasia aliompa. Alimwamrisha amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, lakini ajihadhari na mifugo ya Abdur-Rahman bin Auf na ya Uthman bin Affan. Kwa nini? Kwa sababu matajiri hao wawili mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurejea. Maskini mifugo yake ikifa atakuja kwa Khalifa na watoto wake kuomba, na nyasi na maji ni nyepesi kutoa kuliko dhahabu na fedha ya hazina.

Tazameni vyema, ndugu zetu. Masahaba hao wawili ni miongoni mwa waliobashiriwa Pepo! Umar hakuwatuhumu, bali aliiweka sheria mahali pake. Hichi ndicho kipimo tunachowapimia watunga sheria. Sheria inayomkamata mama aliyebeba mzigo wa kuni kichwani, ikaipisha gari ya tajiri iliyojaa magogo, haina nasaba na himaa ya Umar.

Hapa Zanzibar tumekuwa na Baraza la Wawakilishi tangu mwaka 1980. Mwaka 1996 Baraza hilo lilipitisha sheria mbili zinazostahiki kukumbukwa: Sheria Nambari 2 ya mazingira, na Sheria Nambari 10 ya misitu. Hii ya pili iliwafungulia wanavijiji mlango wa kufunga mkataba na Serikali, wakausimamia msitu wao wenyewe badala ya kuwa wezi katika ardhi ya babu zao. Mwaka 2004 msitu wa Jozani pamoja na Ghuba ya Chwaka ukatangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na humo anaishi kima punju, ambaye Mwenyezi Mungu hakumweka mahali pengine popote duniani isipokuwa katika visiwa vyetu. Kisha mwaka 2015 ikaja Sheria Nambari 3, iliyochukua nafasi ya ile ya kwanza ya mazingira.

Wapo watakaouliza: Sheria zipo, mbona mikoko inakatwa? Mbona mchanga unachimbwa usiku? Ni kweli. Mkoko unashika udongo kwa mizizi yake na kuvunja nguvu ya wimbi, na baina ya mizizi hiyo ndipo kamba na samaki wadogo wanapokulia kabla ya kutoka kwenda maji makuu. Ukikatwa kwa boriti na kwa tanuri la chokaa, bahari hupanda, na tumeona mashamba ya mpunga Pemba yaliyoingiwa na maji ya chumvi hata hayalimiki. Lakini aibu hiyo si ya aliyetunga sheria peke yake. Anayechimba mchanga usiku ni mmoja wetu, na anayeununua asubuhi akajengea nyumba yake ni mmoja wetu, na pengine husali safu ya mbele.

Tutazame sasa mfano wa jirani zetu wa Kenya, kwani una mazingatio makubwa. Bibi Wangari Maathai alianzisha mwaka 1977 chama cha wanawake wapandao miti. Mwaka 1989 alipopinga kujengwa jumba la ghorofa sitini katika bustani ya Uhuru mjini Nairobi, Wabunge walimkejeli ndani ya Bunge lao. Jumba halikujengwa. Mwaka 2002 akaingia yeye mwenyewe katika Bunge hilo hilo, akichaguliwa na watu wa Tetu kwa karibu kura zote, kisha akafanywa Waziri Mdogo wa Mazingira. Mwaka 2004 akapewa tuzo ya amani ya Nobel, na mwaka 2005 Kenya ikapata Sheria mpya ya Misitu. Ulimwengu mzima ukamheshimu. Na mwaka 2007 akasimama tena kuomba kura, akashindwa! Alifariki mwaka 2011.

Hatudai kuzijua sababu zote za watu wa Tetu. Mambo ya uchaguzi yana mengi. Lakini mfano huu unatuonyesha kuwa tuzo hutolewa mbali, na hukumu hutolewa jimboni. Mtunga sheria anayezuia nyavu za kokoro anajua kwamba wavuvi wa kokoro wana kura, na samaki watakaozaliwa miaka kumi ijayo hawana kura. Akisema neno la haki pamoja na kujua hayo, amejitolea. Mwenziwe anayepita kijiji kwa kijiji akiahidi kuwa hatawaudhi wakata miti, huyo hakujitolea chochote. Ameuza cha watoto wetu akanunulia kiti.

Huenda mwenye pupa akasema: Huyo bibi hakuwa wa dini yetu, vipi atajwe katika hotuba ya Ijumaa? Tunamjibu kwa Sira. Kabla ya kupewa Utume, Bwana Mtume s.a.w. alihudhuria katika nyumba ya Abdullahi bin Judaan pale Makka, watu wa Kikureshi walipoapa kumsaidia kila aliyedhulumiwa mpaka arejeshewe haki yake. Hao walikuwa bado katika ujahili. Naye baada ya Uislamu aliusifu mkataba ule, akasema kwamba lau angeitwa tena katika mfano wake angeitikia. Basi wema hausemwi kuwa si wema kwa sababu umetoka mkononi mwa mwingine.

Ama namna ya kuwaheshimu, si mashada ya maua wala karamu. Mswada wa mazingira unapojadiliwa na maoni ya wananchi yakatakiwa, nendeni mkaseme. Msiwaachie wenye mahoteli na wenye magari ya mchanga peke yao waende kusema. Mwandikieni Mwakilishi wenu anapofanya vyema, kama mnavyokwenda kumgongea mlango mnapotaka ada ya skuli. Nanyi wanafunzi, zisomeni sheria hizo kama mnavyosoma masharti ya udhu, mjue kipi kimekatazwa na kwa nini. Na akikosea Mwakilishi huyo huyo, akakigawa kiwanja cha ufukwe kwa jamaa yake, mwambieni uso kwa uso. Umar aliambiwa naye akasikiliza.

Mtume s.a.w. alitupigia mfano, aliopokea Bukhari kwa Nuuman bin Bashir, wa watu waliogawana jahazi, wengine juu na wengine chini. Wa chini wakachoka kupanda kuteka maji, wakataka kutoboa tundu katika sehemu yao. Wa juu wakiwaacha, wataangamia wote. Wakiwashika mikono, wataokoka wote. Mtunga sheria ndiye aliyenyoosha mkono kumshika mwenye patasi. Mara nyingi mwenye patasi ni ndugu yetu, tena ana kiu kweli, na sheria iliyo njema humfikiria apate maji kwa njia nyingine.

Tunayasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi na nyinyi na Waislamu wote. Ee Mola wetu, wape uthabiti wale tuliowapa madaraka juu ya ardhi Yako na bahari Yako, na uturuzuku mvua yenye manufaa. Amin.